Udongo wa Mferejini

Laiti Odilia angeangukia shambani kwake, katikati ya migomba, angejiokota, akajipangusa vumbi, na habari ingeishia hapohapo. Lakini alianguka njiani, kwenye mteremko wa kutoka Vidunda kwenda Kidodi, mkungu wa ndizi kichwani, akalala pale tangu asubuhi mpaka wanakwaya walipopita alasiri na kumkuta akiongea peke yake kwa hasira. Hakuwa akiomba msaada. Alikuwa akiutukana mguu wake wa kulia.

Wakamfungia machela. Wakati ule gari halikuwa likipanda Vidunda, na mgonjwa alishushwa kwa miti miwili na blanketi, wanaume wanne wakipokezana. Akipona alirudi kwa miguu yake. Asiyepona naye alirudi, maana watu wa kule hawakupenda mtu wao azikwe bondeni, ila huyo alirudi juu ya machela, amefunikwa shuka. Kwa hiyo ukikutana na machela inayoshuka, unasema pole na kuuliza nani anaumwa. Ukikutana na inayopanda, huulizi kitu. Unavua kofia na kupisha njia.

Hiyo ilikuwa wiki moja baada ya Pasaka ya mwaka tisini na tisa. Mwanawe Yeremia alimfuata Kidodi, akampeleka kwake Mikumi. "Siku mbili tatu tu, mama," alisema. Juni ilipoanza, siku mbili tatu zilikuwa bado hazijaisha.

Yeremia alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye taabu. Mtoto mkorofi unamgombeza, unachukua kanga yako na kuondoka. Huyu alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi chama kilipokufa na watu wakaambiwa sasa ni biashara huria, kila mtu ajitafutie. Naye akajitafutia kweli, akajenga gesti ya vyumba tisa kando ya barabara kuu ya Zambia. Vinane vilikuwa vya wageni. Cha tisa, cha nyuma kabisa, alimpa mama yake pamoja na kitanda kipya, neti na redio. Mkewe Magreti alileta uji kabla haujaombwa. Happyness, binti yao wa miaka kumi na miwili, alihamishiwa humo ili bibi asilale peke yake.

Dirisha la chumba namba tisa lilitazama ukuta, na juu ya ukuta vilipandwa vipande vya chupa kuwazuia wezi. Odilia aliutazama ule ukuta hadi akazijua chupa zote: hizi za bia, hizi za soda, ile ya dawa ya kikohozi. Milima ya kwao ilikuwa nyuma yake, lakini kutoka kitandani haikuonekana hata ncha. Kutwa nzima malori yalinguruma, yakipeleka na kuleta vitu ambavyo yeye hakuvihitaji. Kukaa bila kazi kulimuuma kuliko nyonga. Alijiona kama kuku aliyefungwa mguu, anayemwagiwa mtama kila asubuhi.

"Nitapanda lini?" aliuliza kila Jumapili.

"Ukipona, mama."

"Nimeshapona."

"Haya, chuchumaa, halafu uinuke bila kushika kitu."

Kuchuchumaa alichuchumaa. Kuinuka kulipomshinda, aliomba aletewe ufagio, eti ameona uchafu chini ya kitanda, na akainuka kwa kuuegemea ule ufagio. Yeremia hakucheka. Aliinama mpaka macho yao yakalingana.

"Mimi sikukatazi kurudi kwako," alisema. "Nakataa kuletewa habari zako na dereva wa lori. Siku ile aliponiambia umekutwa njiani, sikusikia kama alisema u mzima au umekufa. Nilitoka hapa mpaka Kidodi bila kujua naenda kuchukua nini."

 Odilia alijua anapendwa, na kupendwa kwenyewe ndiko kulikofunga mlango.

Mwezi huohuo kilikuja kile ambacho watu walikiita mradi wa nyonga. Aliyeuongoza pale alikuwa Daktari Doreen Kakuta, binti wa wafugaji wa tambarare za Kilosa, mrefu, msemaji wa polepole. Ofisi yake ilikuwa Kilosa mjini, na kila Alhamisi alifika Mikumi na sanduku la barafu, akalala, akaondoka Ijumaa asubuhi. Aliwataka akina mama wa mlimani waliobeba mizigo maisha yao yote, na akina mama wa kifugaji waliotembea tambarare, ajue nyonga za nani zinalika upesi. Yeremia aliposikia, hakungoja kuambiwa mara mbili.

"Shikamoo, mama," daktari alimwamkia Odilia.

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina ugonjwa, nimeletwa."

Daktari alimlaza, akaukunja ule mguu wa kulia, akauzungusha kwa ndani. Maumivu yalimpanda Odilia mpaka kwenye meno.

"Inauma?"

"Unanitekenya."

Daktari alimtazama kidogo, akaandika. Kisha akawaeleza wote wawili, mama na mwana. Kwenye kiungo, alisema, kichwa cha mfupa kimevikwa gegedu, kile kitu cheupe na laini unachokitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Gegedu likianza kulika, chembe zake huingia kwenye damu, na nyingine hutoka na mkojo.

"Ukipita nyuma ya nyumba baada ya mvua, ukakuta mfereji umejaa udongo mwekundu, unajua nini?"

"Kwamba ukuta unaliwa," Odilia alisema. Hilo alilijua, nyumba yake ilikuwa ya udongo.

"Hata kama ukuta wenyewe hujauona. Basi mkojo wako ndio mfereji. Udongo ukiwa mwingi, nyonga inabomoka kwa kasi."

Alimpa chupa yenye namba, akamwambia aijaze kesho kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi. Nje ya zahanati Yeremia alisimama, akaweka masharti yake kama mtu anayesoma mkataba. "Kipimo kikija kizuri, nakupandisha mwenyewe, na sitatia neno. Kikija kibaya, unabaki hapa, na shamba atalilima baba mdogo Onesphory."

Onesphory alikuwa mdogo wa marehemu Makarius, mumewe Odilia. Kila alipokuja kumpa pole ya msiba alimaliza kwa kulisifia shamba, lile bonde dogo lenye chemchemi na maharage yasiyojua ukame. Makarius alizikwa ukingoni mwa shamba hilohilo. Odilia alimwona Onesphory akipita na jembe lake juu ya kila kitu, akaamua kwamba hapana.

Kulipopambazuka alimwamsha Happyness, akamkabidhi chupa.

"Nenda ukaniwekee humu."

Mtoto alifikicha macho. "Bibi, kwani wako umeenda wapi?"

"Wangu umechoka. Nenda, na usimwambie baba yako."

Hakuona kosa lolote katika hesabu yake. Mkojo wa mtoto ni safi, kila mzazi anajua. Mtoto akikukojolea unacheka, unajifuta na kuendelea kula. Na kama walitafuta mwili ambao hakuna kiungo kilichopata kulika, mwili ndio huu, unaoruka kamba kutwa na kupanda juu ya tangi la maji bila ngazi. Sketi ya shule aliyonunuliwa Januari ilikuwa imeshaacha magoti nje. Odilia aliipokea ile chupa ya vuguvugu, akaifunga kwa leso, na kwa mara ya kwanza tangu Pasaka akajihisi mwepesi.

Kwenye benchi la zahanati alimkuta mama mmoja wa kifugaji, Naipanoi, ameipakata chupa yake kama samli ya kuuza.

"Wanaupeleka wapi?" Naipanoi aliuliza.

"Ng'ambo, kwa wazungu."

"Kwani kule hawakojoi?"

Wakacheka hadi muuguzi akatoka kuwatazama. Siku ile Odilia alirudi chumba namba tisa akiimba.

Majibu yalirudi katikati ya Septemba. Daktari Doreen aliwaita ndani, akafunga mlango, na Odilia akaona kwamba hatabasamu. Namba aliyoandikiwa ilikuwa mia tisa na arobaini. Wenzake wa rika lake, walio wabovu kabisa, walikuwa hawafiki mia nne.

"Nimeandika barua kuuliza kama hawakukosea," daktari alisema. "Wanasema wamerudia. Sipendi kuwatisha. Nyonga peke yake haiwezi kutoa namba hii. Huenda kuna ugonjwa mwingine ndani ya mifupa, mifupa yote. Nataka aende Morogoro mjini, wakatoe kipande cha mfupa wakiangalie."

Yeremia alishika ukingo wa meza. Odilia alitaka kucheka, akakuta hawezi. Alitaka kusema, akamwona mwanawe jinsi alivyobadilika rangi, na maneno yakarudi tumboni. Aseme nini? Kwamba amedanganya? Basi kipimo chake mwenyewe hakipo, na mguu alioficha utajulikana. Anyamaze? Basi mifupa yake imekwisha. Huku ukuta na huku ukuta, na kuta zote mbili amezijenga mwenyewe.

Kuanzia siku ile hata kufagia alikatazwa. Chungu kiliwekwa chini ya kitanda ili asitembee kwenda chooni. Magreti alileta uji akilia. Katekista alikuja kumwombea, akamshika kichwa kwa upole wanaoshikwa nao wagonjwa wasiopona. Yeremia alituma salamu mlimani kwamba Onesphory aanze kusafisha shamba kwa ajili ya mvua za vuli, na Onesphory, ambaye kwa kawaida hajibu barua, alijibu siku ya pili. Safari ya Morogoro ilipangwa Jumatatu ya wiki ya pili.

Odilia angeyavumilia yote hayo. Alikuwa mkaidi wa kuzaliwa, na angekwenda Morogoro akatobolewe mfupa mzima kuliko kukiri. Kilichomshinda ni Happyness.

Mtoto aliacha kuruka kamba. Mwanzoni Odilia alidhani anamwonea bibi yake huruma. Kisha akaona kwamba anashuka kitandani kwa kutanguliza mguu mmoja, anashika ukuta akienda mlangoni, na chakula anakichokonoa tu. Ijumaa alimkuta ameketi kwenye kizingiti, anajiminya magoti kwa vidole, goti moja baada ya jingine.

"Una nini wewe?"

"Bibi," mtoto alisema kwa sauti ndogo, "nitakufa kabla ya mtihani wa darasa la sita au baada yake?"

 Wiki nzima walikuwa wakilala kitanda kimoja. Wiki nzima mtoto alikuwa akisikia mia tisa na arobaini, mifupa yote, na kujua kuwa ile chupa ilikuwa yake. Na hakumwambia mtu, kwa sababu aliambiwa asiseme. Odilia alijichukia siku ile. Alijichukia kwa dhati, bila kujitafutia udhuru.

Jumamosi walimwambia Magreti wanakwenda kanisani, wakapanda basi la Kilosa. Njia ile ya kupitia kijiji cha Ulaya ilimtikisa Odilia nyonga mpaka machozi yakamtoka, na safari hii hakuyaficha. Walimkuta daktari ofisini kwake, kwenye meza iliyojaa karatasi. Odilia hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama, amemshika mjukuu begani.

Daktari Doreen alimtazama Happyness. Akaitazama sketi yake, magoti nje. Akaweka kalamu chini, akaanza kucheka. Akacheka hadi akafuta macho kwa kiganja. Halafu akakasirika.

"Mama, nusura wakutoboe mfupa!"

"Najua, mwanangu."

"Miezi mitatu ya kazi! Barua zangu zote kule!" Kisha akamwona mtoto anatetemeka, akaacha ugomvi, akachutama mbele yake. "Wewe sikiliza. Nilimwambia bibi kwamba nyumba ikibomoka, udongo unajaa mferejini. Sikumwambia upande wa pili, kosa ni langu. Wakati watu wanajenga nyumba, udongo haumwagiki?"

"Unamwagika."

"Pengine kuliko wa kubomoka. Wewe unajenga. Mifupa yako inarefuka kila siku, gegedu linatengenezwa na kukatwa, linatengenezwa na kukatwa. Ile namba ni ya mafundi walio kazini. Ungekuwa na namba ndogo ndipo ningeogopa."

Happyness alimtazama bibi yake, akamtazama daktari. Kisha akauliza kama kuna chapati zinazouzwa karibu. Alikula tatu.

Daktari alimpa Odilia chupa nyingine. "Hii ni yako peke yako. Mwanao nitamwambia chupa zilichanganyika. Nani alizichanganya, utamwambia mwenyewe."

Safari ya Morogoro ikafutwa. Yeremia aliwasema watu wa miradi kutwa mbili, wanavyochezea roho za watu, na Odilia akamsikiliza huku akiwa ameinamia uji wake. Hakumwambia. Alijiahidi kumwambia kesho, na kesho yake akajiahidi tena. Chupa aliijaza mwenyewe, kwa uaminifu mtupu, akaipeleka Alhamisi. Ukarudi ukuta, zikarudi chupa zake, na kungoja kukaanza upya. Vuli ikaanza kunyesha. Aliisikia kwenye bati, akajua kwamba juu kule udongo umelainika na watu wanatia maharage, naye mikono yake iko juu ya shuka, safi kama ya mgeni.

Mwisho wa Novemba daktari alimwita peke yake. Karatasi ilikuwa mezani.

"Namba ngapi?"

"Themanini na mbili."

Odilia alifumba macho. Themanini na mbili! Alimwona Onesphory anatupa jembe. Aliisikia chemchemi. Alipofumbua macho, daktari alikuwa bado hajatabasamu.

"Ningependa kukuambia ni habari njema," alisema. "Lala kidogo." Akaukunja mguu, akauzungusha kwa ndani taratibu, na safari hii Odilia alipiga kelele. Mguu ulifika mahali fulani ukagoma kama mlango uliovimba. Daktari alimsaidia kuketi, akabaki amemshika mkono.

"Mama, mfereji wako hauna udongo kwa sababu ukuta haupo tena. Hakuna kilichobaki cha kulika. Sasa ni mfupa juu ya mfupa. Wapo wanaotiwa nyonga ya chuma, lakini hapa kwetu sijui nikupeleke kwa nani."

Mvua ilikuwa ikinyesha nje. Odilia aliitazama ile karatasi.

"Hayo uliyosema yameandikwa humo?"

"Humo imeandikwa namba tu."

"Basi nipe."

Daktari alisita. Kisha akampa.

Yeremia aliisoma akiwa amesimama kaunta. Akaenda kuitoa ile ya kwanza alikoiweka, ndani ya Biblia, akazilaza pamoja. Mia tisa na arobaini. Themanini na mbili. Mwanamume mzima, mwenye gesti, akaketi chini kwenye saruji na kulia. "Mungu ni mkubwa," alisema. "Mama, utapanda. Nilisema sitatia neno, na sitii." Jioni ileile alirudi kutoka dukani na jembe jipya, na ndoo ya lita ishirini ya kuchotea maji chemchemini. Aliiweka ndoo miguuni pa mama yake na kusimama akingoja ashukuriwe.

Mlango ulikuwa wazi. Odilia aliutazama, akaitazama ndoo. Alijua njia ile kwa hatua: mwamba wa kwanza, kijito, ule mteremko wa utelezi alikoangukia. Alijua pia ni nani atapelekewa habari. Siku moja dereva wa lori atasimama mbele ya gesti, na Yeremia atatoka tena bila kujua anakwenda kuchukua nini. Ataitafuta ile karatasi na kujiuliza alisoma nini vibaya. Huo ungekuwa ukuta wa mwanawe, na yeye asingekuwepo kuubomoa.

"Kaa chini," alimwambia. Akamweleza yote. Chupa ya kwanza, mtoto, Kilosa, themanini na mbili na maana yake. Alimaliza, akaisukuma ndoo pembeni kwa fimbo yake ya kutembelea.

 Yeremia aliinuka, akaichukua ndoo, akaenda nayo. Kwa siku nne hakuingia chumba namba tisa. Jumapili Odilia hakuuliza atapanda lini. Siku ya tano Yeremia alikuja, akasimama mlangoni.

"Ulinifanya mjinga," alisema. "Na mwanangu ukamfanya ajione maiti."

"Ndiyo."

"Sasa unataka niseme nini? Nenda? Mguu huo haukufikishi hata mwamba wa kwanza."

"Haunifikishi," Odilia alikubali. "Lakini nikuulize, Yeremia. Nikifia hapa, utanizika wapi?"

"Mama, usianze."

"Jibu."

"Karibu na baba."

"Utatafuta wanaume wanne, mtanifunika shuka, mtanipandisha. Njia ni ileile, mabega ni yaleyale. Mimi nakuomba kitu kimoja tu. Nipandisheni kabla, ningali naona."

Yeremia aliegemea mlango. 

"Hutaweza kulima," alisema.

"Nitakaa mlangoni nimwone Onesphory anavyokosea."

"Ukipanda hutashuka tena. Hata ukiumwa. Nani atakubeba kila mara?"

"Najua sitashuka."

"Na mimi nitakuwa huku."

"Najua, baba," alisema Odilia.  Mlima nao ulikuwa na kuta zake, alizijua, na mpaka hapo alikuwa akizichagua kwa macho makavu. Sasa yalilowa.

Walipanda Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mvua ikiwa imepumzika. Wanaume wanne walitoka kwenye ile kwaya, Happyness akitembea pembeni na jembe jipya begani, Yeremia nyuma. Walimfunika Odilia shuka hadi kifuani kwa sababu ya baridi. Aliona kila kitu akiwa amelala chali: majani ya migomba kwa chini, mawingu, kidevu cha mbebaji. Nyonga ilipiga kelele kila hatua. Hakujali.

Mzee wa kwanza waliyekutana naye alivua kofia na kuingia majanini. Wa pili naye vilevile. Penye kijito walikuwako wanawake watatu wenye mizigo ya ndizi wakishuka; waliitua, na mmoja wao alipomtambua Yeremia nyuma ya machela alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Uwiii! Mama Yeremia jamani! Mama yetu!"

Odilia aliinua kichwa kutoka kwenye blanketi. "Acha kelele. Kwanza hujaniamkia."

Mwanamke alibaki mdomo wazi. "Shi... shikamoo, mama."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

Wabebaji walicheka hadi ikabidi waiweke machela chini. Kuanzia hapo Happyness alitangulizwa mbele, na kila alipomwona mtu kwenye kona alipaza sauti, "Msivue kofia! Bibi mzima, anarudi kwake!" Watu walirudisha kofia vichwani, wakamwamkia, na Odilia akaitikia marahaba, marahaba, mpaka koo likamkauka.

Karibu na juu aligeuza shingo kumtafuta mwanawe, amwonyeshe migomba ya kwanza ya shamba. Yeremia alikuwa akipanda taratibu, hatua chache nyuma ya machela. Kofia yake ilikuwa mkononi, na Odilia akakumbuka kwamba ilikuwa mkononi tangu Kidodi. Akamtazama kidogo, akageuka kutazama juu.